Doksorubisini: mstari mwekundu juu ya mshipa wakati wa kusukuma dawa, ni mzio au imevuja?

Zamu_ya_Asubuhi aliuliza:

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kudunga doksorubisini, ile dawa nyekundu ya saratani.

Mpango ni AC kwa saratani ya titi: doksorubisini mg 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili na siklofosfamaidi mg 600 kwa mita ya mraba, kila baada ya siku 21, mizunguko 4. Doksorubisini inasukumwa kwa sirinji kupitia kanula, huku dripu ya maji ya chumvi 0.9% ikitiririka pembeni. Dawa ikifika kama nusu, ngozi inatoa mstari mwekundu unaofuata mshipa kutoka kwenye kanula kwenda juu, na mgonjwa anaanza kujikuna. Uvimbe hakuna. Ukivuta sirinji, damu inarudi.

1. Hapo ni mzio wa mshipa au dawa imevuja? Nisimamishe kabisa au niendelee?
2. Ikithibitika imevuja, ni baridi au joto? Wengine wanasema weka kitambaa cha moto, wengine barafu, na wapo wanaosukuma maji ya chumvi mengi palepale "kuizimua".
3. Kwa nini kadi ya mgonjwa inadai jumla ya dozi zote tangu mwanzo, hata alizopewa miaka ya nyuma?
4. Mgonjwa akirudi nyumbani, ni yapi ambayo lazima ayajue kabla hajatoka mlangoni?

Shukrani mapema.

---

Mkono_Mwepesi alijibu:

Salaam ndugu. Hilo la kwanza linawachanganya wengi.

Unachoeleza kinafanana na mwasho wa mshipa, si kuvuja. Doksorubisini ikipita kwa kasi kwenye mshipa mwembamba, ukuta wa mshipa unakasirika na ngozi ya juu inapata mstari mwekundu, pengine na vipele kama vya mbu. Mgonjwa husema "inawasha", na mstari hufifia wenyewe, mara nyingi ndani ya dakika 30 hadi 90. Kuvuja kuna sura nyingine: wekundu unakaa kuizunguka kanula badala ya kufuata mshipa, ngozi inajaa na kukaza, sirinji inakuwa nzito mkononi, dripu inapungua kasi au inasimama, na mgonjwa husema "inachoma" au "inauma". Ila kumbuka mambo mawili. Kuna dawa iliyovuja bila maumivu yoyote dakika za mwanzo, na kuna kanula inayorudisha damu vizuri huku tundu dogo upande wa pili wa mshipa likivujisha. Kwa hiyo damu kurudi ni dalili njema, si hati ya kukuruhusu.

Ukiuona mstari, acha kusukuma. Usichomoe kitu. Vuta uone damu, acha maji ya chumvi yatiririke taratibu, pitisha kidole juu ya ngozi kulinganisha na mkono wa pili: ni laini au imejaa? Kama ni laini, damu inarudi, na wekundu unapungua, endelea kwa mwendo wa polepole zaidi. Kama una shaka hata kidogo, ichukulie kuwa imevuja. Mshipa mwingine utapatikana. Ngozi iliyokufa hairudi.

Sasa kuvuja kwenyewe. Simamisha dawa na dripu. Acha kanula palepale, tenganisha mpira wa dripu, funga sirinji tupu na uvute taratibu kadiri inavyotoka, hata kama ni matone machache mekundu. Kisha chomoa kanula bila kukandamiza mahali pale, kwa sababu kubonyeza kunaisukuma dawa itambae. Chora kwa kalamu mpaka wa eneo lililobadilika, piga picha yenye tarehe na saa, kadiria ni ml ngapi zimetoka nje ya mshipa. Mwite daktari hapohapo.

Halafu baridi, siyo joto. Mfuko wa barafu uliofungwa kwa kitambaa kikavu, dakika 15 hadi 20 kila mara, angalau mara 4 kwa siku, kwa saa 24 hadi 48, mkono ukiwa umeinuliwa. Baridi hubana mishipa midogo na kuizuia dawa isisambae. Joto hufanya kinyume chake, na wanaolitaja huwa wanachanganya na vinkristini na wenzake, dawa nyingine za saratani, ambazo kwazo tunataka dawa isambae ili iwe nyepesi. Kwa doksorubisini joto ni kosa. Kusukuma maji ya chumvi "kuizimua" nako ni kosa: unachofanya ni kupanua shamba la kidonda.

Sababu ya ukali wote huu ni kwamba doksorubisini hujishikiza kwenye DNA ya seli. Seli ikifa inaiachia, jirani yake anaichukua, naye anakufa. Ndiyo maana siku ya kwanza unaona wekundu tu, kisha wiki moja au mbili baadaye malengelenge, ngozi nyeusi, na kidonda kinachoendelea kupanuka kwa wiki nyingi, pengine mpaka kwenye kano na kuhitaji upasuaji.

Kinga ni kuchagua mshipa. Tafuta mshipa mnene, ulionyooka, katikati ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Epuka mgongo wa kiganja, kifundo na mkunjo wa kiwiko, kwa sababu hapo chini kuna kano na mishipa ya fahamu karibu na ngozi, na kwenye mkunjo uvimbe hauonekani mapema. Epuka mkono wa upande uliotolewa tezi za kwapa. Ukikosa mshipa mara ya kwanza, usidunge chini ya tundu hilo, yaani upande wa vidole. Nenda juu yake au hamia mkono mwingine. Weka kanula mpya siku hiyohiyo, usitumie ya jana. Funga kwa plasta inayoonyesha ngozi, bandeji nene isifunike mahali pa kutazama. Na kila ml 2 hadi 5 vuta uone damu, ukimuuliza mgonjwa anasikiaje. Yeye ndiye kengele yako ya kwanza. Mwambie kabla hujaanza kwamba akisikia chochote aseme, asikuonee haya.

---

Mezani_kwa_Mfamasia alijibu:

Mkono_Mwepesi amemaliza upande wa mkono. Naongeza upande wa dawa yenyewe kabla haijafika kitandani.

Hesabu kwanza. Mgonjwa wa cm 160 na kilo 65: zidisha 160 kwa 65 upate 10,400, gawanya kwa 3,600, tafuta kipeo cha pili; inakuja mita za mraba 1.70. Zidisha kwa 60, ni mg 102. Dawa ya maji ina mg 2 kwa kila ml, kwa hiyo ml 51. Wengi tutaifanya mg 100, yaani ml 50, ambavyo ni vichupa viwili kamili vya mg 50. Tofauti ni asilimia 2, haina madhara kwa matibabu. Uzito upimwe kila mzunguko, usinakiliwe wa mwezi uliopita.

Hizo ml 50 usizijaze kwenye sirinji moja. Sirinji ya dawa hizi isizidi robo tatu, kwa kuwa pistoni ikichomoka umemwagikiwa. Tumia mbili za ml 50, kila moja ml 25, zenye shingo ya kuzungusha ili zisitoke kwenye mpira. Muda wa kusukuma ni dakika 3 hadi 10; kwa ujazo huu elekea kwenye 10. Uso wa mgonjwa ukiiva ghafla, umekwenda kasi.

Kichupa kikitoka kwenye friji, dawa inaweza kuwa nzito kama uji mwepesi au kuganda kabisa. Haijaharibika. Iache kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 15 hadi 25, saa 2 na isizidi 4, itarudi kuwa maji. Usiipashe moto. Ya unga haina tabu hiyo: kichupa cha mg 10 kinayeyushwa kwa ml 5 za maji ya chumvi 0.9%, cha mg 50 kwa ml 25, unatikisa mpaka unga uishe. Zote mbili zikingwe na mwanga.

Mpira uliopitisha heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usafishe kwa maji ya chumvi kabla na baada. Doksorubisini ikikutana na heparini au fluorourasili (dawa nyingine ya saratani) inajitenga na kutoa chembechembe zinazoziba. Deksamethasoni nayo usiipitishe kwa mpira mmoja bila kusafisha katikati, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa ni dawa ya kutapika inayotolewa dakika chache tu kabla.

Jambo linalonikosesha usingizi ni majina. Doksorubisini, daunorubisini, epirubisini na idarubisini zote zina wekundu na majina yake yanaimbana, lakini dozi ni mbalimbali kabisa. Rangi si kitambulisho. Kuna pia doksorubisini iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta, inayoitwa ya liposomu: hiyo haisukumwi kwa sirinji hata kidogo, inapita kwa dripu ya glukosi 5%, inaanzwa kwa mg 1 kwa dakika, na haichanganywi na maji ya chumvi. Mg moja ya hii haichukui nafasi ya mg moja ya ile. Wawili wasome lebo kwa sauti, kila mmoja kwa macho yake: jina zima, mg, ml, njia, jina la mgonjwa. Njia ni mshipa peke yake. Kwenye msuli au chini ya ngozi inaua nyama, na kwenye uti wa mgongo isidungwe kamwe.

Na nyinyi wenyewe jilindeni. Kuandaa kufanyike ndani ya kabati la usalama lenye mvuto wa hewa. Glavu mbili za nitraili, ya nje ikipanda juu ya mkono wa gauni, na zibadilishwe kila baada ya dakika 30 au mara tu zikichanika. Ikikugusa ngozi, vua glavu, osha kwa maji mengi na sabuni, usisugue kwa brashi. Ikiingia jichoni, suuza dakika 15 bila kukatisha, ndipo uende kwa daktari. Mjamzito asishike dawa hizi.

---

Stetoskopu alijibu:

Swali la tatu, la kadi.

Moyo unaihesabu dawa hii maisha yote. Misuli ya moyo haina nguvu ya kujijenga upya kama uboho, kwa hiyo kila dozi inaongezwa juu ya iliyopita hata kama kati yake kuna miaka 15. Kwa utoaji wa kila wiki 3, uwezekano wa moyo kushindwa kazi ni asilimia 1 hadi 2 jumla ikifika mg 300 kwa mita ya mraba, asilimia 3 hadi 5 kwenye 400, 5 hadi 8 kwenye 450, na kutoka 6 mpaka 20 kwenye 500. Tazama jinsi mteremko unavyokuwa mkali mwishoni. Ndiyo sababu wengi wanasimama kwenye 450, wengine 550 kwa mgonjwa asiye na hatari nyingine, na kwa aliyepigwa mionzi kifuani tunasimama 400 au chini zaidi.

AC mizunguko 4 ni 240. Mgonjwa huyo saratani ikirudi, amebakiwa na 210 kufikia 450: mizunguko 3 ya 60, basi. Usipojua alichopewa zamani, unaweza kumvusha mpaka huo bila mtu kushtuka, kwa kuwa siku ya sindano hatasikia lolote. Epirubisini na daunorubisini alizowahi kupata zinaingia kwenye hesabu pia, kila moja kwa uzito wake. Andikeni mg kwa mita ya mraba, siyo mg tupu. Ukiandika "mg 400" bila ukubwa wa mwili, atakayeisoma miaka 10 mbele hana la kufanya nayo.

Eko ya moyo, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, ifanyike kabla ya mzunguko wa kwanza, na irudiwe jumla inapozidi 240 au dalili ikitokea. Nguvu ya kusukuma ikishuka pointi 10 na kuwa chini ya asilimia 50, tunasimama. Dalili za kuuliza ni kupumua kwa shida ukilala chali, miguu kuvimba, uzito kupanda kilo 2 ndani ya siku chache. Trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani ya titi, isipewe sambamba na doksorubisini. Paklitakseli, nayo ya saratani, ikitolewa siku moja na doksorubisini, doksorubisini itangulie, maana ikifuata nyuma inachelewa kutoka mwilini na moyo unalipia.

Damu ya siku ya sindano: nyutrofili (chembe nyeupe za kupigana na maambukizi) angalau 1.5 na chembe sahani angalau 100, zote kwa mara bilioni moja katika lita. Zikiwa chini, ahirisha wiki moja upime tena. Lakini ninachokiona kikisahaulika ni bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo inayopimwa kwenye damu. Dawa hii inatoka kupitia ini na nyongo. Bilirubini ikiwa mg 1.2 hadi 3 kwa desilita, mpe nusu tu ya dozi; 3.1 hadi 5, mpe robo tu ya dozi. Zaidi ya 5, usimpe kabisa. Figo hazina usemi mkubwa hapa. Mtu mwenye macho ya manjano akipewa dozi nzima, damu yake inaporomoka na mdomo unachanika wote.

---

Nyumba_kwa_Nyumba alijibu:

La nne nalichukua mimi, kwa maneno unayoweza kumwambia mgonjwa.

Mkojo utakuwa mwekundu au wa chungwa siku 1 hadi 2. Ni rangi ya dawa, siyo damu. Usipomwambia, usiku atakimbilia hospitali kwa hofu, au ataacha kunywa maji kabisa. Na maji anayahitaji, kwa sababu ya siklofosfamaidi inayokera kibofu: glasi 8 hadi 10 kwa siku, na asibane mkojo. Wekundu ukiendelea siku ya tatu, au ukiandamana na maumivu wakati wa kukojoa, hapo aje.

Homa ndiyo ya kurudia mara tatu. Chembe nyeupe hushuka chini kabisa siku ya 10 hadi 14, hupanda tena kufikia siku ya 21. Katika siku hizo mtu anaweza kuwa na maambukizi makubwa bila usaha wala uvimbe, kwa kuwa askari wa kuyapigania hawapo. Awe na kipimajoto nyumbani. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi hata kabla ya kupima, aende hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na aseme mlangoni "nipo kwenye dawa za saratani". Asimeze parasetamoli kwanza ili "aone kama itashuka". Itashuka, na maambukizi yataendelea chini kwa chini. Antibiotiki za mshipani zinatakiwa ndani ya saa moja tangu afike.

Kutapika kuna mawimbi mawili: siku ya kwanza, na lile linalochelewa mpaka siku ya 2 hadi ya 5. AC ni miongoni mwa mipango inayotapisha zaidi, kwa hiyo ondansetroni peke yake haitoshi. Kawaida ni aprepitanti, ondansetroni, deksamethasoni na olanzapini kwa pamoja. Vidonge vya siku zinazofuata avimeze kwa ratiba, asisubiri kichefuchefu kije. Olanzapini inaleta usingizi, aimeze usiku.

Mdomo huanza kuwaka siku ya 5 hadi ya 10. Asukutue mara 4 hadi 6 kwa siku kwa maji ya uvuguvugu: kikombe kimoja, robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, na nusu ya robo hiyo ya chumvi. Dawa za kusukutua zenye spiriti zinachoma na kukausha. Nywele hutoka wiki ya 2 hadi ya 3, zinadondoka kwa mafungu kwenye mto. Huota tena miezi michache baada ya kumaliza. Kucha zinaweza kuwa nyeusi.

Kwa siku 5 hivi baada ya sindano dawa inatoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Anayesafisha avae glavu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, choo kimwagiwe maji mara mbili na kifuniko kikiwa chini kama kipo. Kumshika mkono, kumkumbatia na kula pamoja havina shida yoyote, na hilo lisemwe waziwazi mbele ya ndugu zake. Mama anayenyonyesha aache. Mimba izuiwe wakati wote wa tiba na mpaka mwaka mmoja baadaye, kwa sababu ya siklofosfamaidi. Kwa mwanamume angalau miezi 4. Chanjo zenye virusi hai zisubiri.

---

Zamu_ya_Asubuhi aliandika:

Nawashukuru sana. Swali la nyongeza: kituo kina DMSO, kimiminika cha kupaka kwenye ngozi palipovuja, na deksrazoksani, dawa ya mshipani ya kuzuia madhara ya doksorubisini iliyovuja, inapatikana kwa kuagiza hospitali ya rufaa. Tuanze na ipi dawa ikivuja? Na kama mgonjwa alirudi nyumbani mzima, akaja siku ya 4 ngozi ikiwa imeiva?

---

Mkono_Mwepesi alijibu:

Chagua moja, usizichanganye. DMSO inapunguza kazi ya deksrazoksani. Deksrazoksani lazima ianze ndani ya saa 6 tangu dawa ivuje: mg 1,000 kwa mita ya mraba siku ya 1, vilevile siku ya 2, kisha 500 siku ya 3, kwa mshipa wa mkono wa pili, kwa saa moja hadi mbili. Barafu iondolewe angalau dakika 15 kabla, maana mishipa iliyobanwa haiipitishi kufika penye jeraha. Kwa hiyo piga simu ya rufaa dakika hiyohiyo. Kama kuna uhakika itaanza kabla ya saa 6 kuisha, msubiri na barafu tu, DMSO isipakwe. Kama hakuna, anza DMSO ya asilimia 99 mapema iwezekanavyo, bora ndani ya dakika 10 za mwanzo: tone juu ya ngozi kwa upana mara mbili ya eneo ulilochora, acha ikauke yenyewe wazi bila kufunga bandeji, rudia kila saa 6 hadi 8 kwa siku 7 hadi 14. Pumzi ya mgonjwa itanuka kama kitunguu saumu. Mwambie ni dawa. Ngozi ikitoa malengelenge, acha kupaka.

Aliyekuja siku ya 4 deksrazoksani haimfai tena. Pima eneo, piga picha, mpeleke kwa daktari wa upasuaji siku hiyo bila kusubiri kidonda kifunguke, na mkono huo usidungwe tena. Baada ya hapo mtazame siku ya 7, ya 14 na ya 21, hata kama siku ya 7 panaonekana pametulia.